Umekodi nyumba Lushoto: pesa ya matembezi uianzie wapi

Ukishapata nyumba ya mapumziko Lushoto, kazi inayobaki ni kuchagua pa kwenda. Siku mbili tatu hazitoshi kuimaliza milima ya Usambara Magharibi. Barabara ni za kona na miinuko, na kila kivutio kina gharama yake: kiingilio, mwongozaji, usafiri. Nimevipanga kwa kuangalia unachopata kwa pesa na muda utakaoutoa, na kile kinachojulikana kuliko vyote hakikushika nafasi ya kwanza.

Ya kwanza naipa Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, kaskazini kidogo mwa mji. Iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Ndani kuna miti mirefu ya mkulo iliyovikwa kuvumwani, na ukitulia utawasikia mbega weupe wakiruka matawini kabla hujawaona. Mwongozaji usimkwepe ili kuokoa pesa, maana bila yeye utaona miti tu. Kijana aliyekulia vijiji vya hapo husimama ghafla, akashusha kitawi taratibu, na hapo ndipo unagundua kwamba ile rangi ya jani ni kinyonga dume mwenye pembe mbili puani, jicho moja limekuelekea wewe na jingine linamfuata mwenzako. Vinyonga wa aina hii ni wa milima hii. Ukiondoka bila kuwaona, safari yako ina pengo. Nenda asubuhi, vaa viatu vinavyoshika udongo, kwa sababu njia huteleza hata wiki isiyo na mvua.

Ya pili ni Irente, ambayo wengi wangeitanguliza. Ukifika ukingoni, mlima unakatika ghafla na chini kabisa unaona Mazinde, mashamba ya mkonge na tambarare inayopotelea mbali. Mandhari ni ya kweli, picha hazitii chumvi. Lakini ukienda kwa ajili ya ukingo peke yake, nusu saa inatosha. Kinachoipandisha Irente ni kuiunganisha na shamba la Kanisa la Kilutheri lililo njiani, wanakotengeneza jibini, jamu na mkate mzito wa kahawia. Toa oda ya chakula mapema, kula taratibu bustanini, kisha tembea kwa miguu hadi ukingoni jioni, jua linapozama upande huo huo unaoutazama. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu unaweza kufunika kila kitu. Ukiona mawingu yamekaa, ahirisha hadi kesho yake.

Ya tatu, na ya bei nafuu kuliko zote, ni Soni. Utaipita tu ukipanda kutoka Mombo, chini ya mlima, na maporomoko yake yako karibu na barabara. Hayavutii sana wakati wa kiangazi. Simama zaidi kwa ajili ya soko: kabichi, karoti, mapeasi, na plamu mwishoni mwa mwaka, kwa bei ambazo mtu wa Dar es Salaam atauliza mara mbili. Mwenye gari aongeze Sakharani, shamba la Wabenediktini linalotengeneza mvinyo.

Mtae naiweka ya nne kwa sababu ya umbali. Kwa uzuri ingekuwa juu zaidi. Kijiji kimekaa kwenye mgongo wa mlima, ukingo wa kaskazini kabisa, na kutoka hapo unaitazama Hifadhi ya Mkomazi na milima ya Upare. Hewa ikiwa safi, Kilimanjaro nayo hujitokeza. Ila ni kama kilomita 60 za barabara ya milimani. Kwenda na kurudi siku moja ni kununua uchovu. Ukiwa na siku nne au zaidi, lala huko usiku mmoja.

Maporomoko ya Mkuzi yanafaa familia zenye watoto wanaoweza kutembea. Majengo ya Wajerumani mjini, ya enzi Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal, hayahitaji siku yake. Yapitie ukienda sokoni.

Jihadhari na atakayekuuzia Hifadhi ya Amani kama matembezi ya siku. Amani ni pazuri sana, na bustani yake ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, lakini iko Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Kutoka Lushoto unashuka hadi Mombo, unapita Korogwe na Muheza, halafu unapanda mlima mwingine. Ipangie safari yake.

Kabla hujalipa chochote, muulize mwenye nyumba hali ya barabara, hasa Machi hadi Mei wakati wa masika. Na ukichukua bodaboda kwenda Irente au Magamba, patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, pamoja na muda atakaokungoja, kwa sababu jioni pikipiki za kurudi mjini huwa chache.