Mauaji Yaliyotangazwa Gazetini

Riwaya ya Agatha Christie iitwayo A Murder Is Announced ilitoka mwaka 1950. Nakala yangu nimeinunua kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na stendi ya Moshi. Imekuwa ya njano, lakini hakuna ukurasa uliong'oka.

Wakazi wa Chipping Cleghorn, kijiji cha Uingereza, wanafungua gazeti lao asubuhi na kukuta tangazo: mauaji yatafanyika Ijumaa tarehe 29 Oktoba, saa kumi na mbili na nusu jioni, nyumbani kwa Miss Blacklock. Majirani wanakwenda, kila mmoja na kisingizio chake. Taa zinazimika, risasi zinalia, na anayekutwa amekufa ni kijana mgeni.

Inspekta Craddock anajua kazi yake, ila fundo linafunguliwa na Miss Marple, bibi kizee asiye na cheo wala silaha. Anafuma, anakunywa chai kwa mchungaji, anasikiliza. Sisi tuliokua na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kiko mdomoni na Najum pembeni, tumezoea mpelelezi ambaye akifikiri unamwona anafikiri. Huyu bibi watu wanamsimulia habari za majirani wakidhani wanampitishia muda tu, kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Nguvu ya kitabu iko kwenye jambo ambalo Miss Marple anamweleza inspekta. Zamani kijijini kila mtu alijulikana ni wa nani, na mgeni alikuja na barua ya mtu mnayemfahamu. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wanahamia tu, na unachojua juu yao ni kile walichokwambia wenyewe. Hapo niliweka kitabu chini nikawaza. Kwetu Kibosho nikitaja jina langu, mzee ataniuliza natoka kihamba (shamba la ukoo) cha nani, na sijamaliza kujibu ameshamtaja babu yangu na ugomvi wake wa mpaka. Hapa Pasua ninapoishi, jirani wa chumba cha pili namjua kama Mama Junior, basi. Akiniambia ametoka Singida nitaamini Singida. Siri zote za familia katika riwaya hii zinapita kwenye mwanya huo.

Na familia ikiwa na siri, uliza urithi. Huko Scotland kuna mjane tajiri, Belle Goedler, anayekaribia kufa. Akitangulia yeye, mali yote ni ya Miss Blacklock. Miss Blacklock akitangulia, mali inakwenda kwa Pip na Emma, watoto wa wifi yake Belle, ambao hakuna anayejua sura zao. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kikao cha ukoo baada ya matanga ataelewa joto lililopo.

Nimestaafu uuguzi, nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi, kwa hiyo nitasema zaidi juu ya barua fulani zinazopatikana katikati ya kitabu. Zinamtaja binti mwenye rovu, uvimbe wa shingoni. Baba yake ni daktari, na anakataa katakata binti asipasuliwe. Uvimbe unakua, binti anaacha kuonana na watu, ujana unaishia ndani. Kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, nimepokea kina mama waliojifunga kitenge shingoni hata juani, na wengine walikuwa wameacha kwenda kanisani. Christie hapotezi maneno mengi kwa huyo binti, lakini amejua aibu ya mwili inavyoweza kumgeuza mtu. Nilisoma zile barua mara mbili, na moyo uliniuma.

Dora Bunner pia ameandikwa vizuri: rafiki wa shule aliyezeeka katika umaskini, anayeeleza jinsi wanaosifia maua mezani kuliko chakula hawajawahi kulala njaa.

Ila kuna jambo sikulipenda hata kidogo. Mpishi, Mitzi, ni mkimbizi aliyepoteza ndugu zake vitani, na mwandishi anatutaka tucheke hofu yake. Kila akipiga kelele, wenye nyumba wanamwona mwongo na kero. Sisi mkoa huu tumeishi na watu waliokimbia vita. Hofu ya namna ile haichekeshi. Ingekuwa haki apewe angalau ukurasa mmoja wa kusikilizwa.

Majina ni mengi mwanzoni, andika kwenye karatasi. Kiingereza chake mwanafunzi wa kidato cha tatu anakimudu. Mpenda risasi kila sura atafute kingine. Wengine wote, mkifika kwenye barua na kwenye mazungumzo ya Dora, msiruke mistari: tazameni kila neno lilivyoandikwa, herufi kwa herufi.