Nyaya za spika na maiki: nilichopima na nilichosikia

Nyaya zinazounganisha amplifaya yangu na spika ni za shaba tupu, unene wa milimita za mraba 2.5, aina ile inayouzwa kwa mita na kukatwa palepale. Nimezilinganisha na jozi ya bei mbaya niliyoazimwa na rafiki: ganda la nyuzi zilizosukwa, vichwa vya dhahabu, na mishale ya kuelekeza sauti ipite upande gani. Ndugu yangu alikuwa akibadilisha nyaya huku mimi nimempa mgongo, sauti haiguswi, wimbo uleule. Sikuweza kuzitofautisha, na yeye nilipombadilishia hakuweza.

Hesabu yake inaeleweka. Spika ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi, na shaba ya unene huo inaleta ukinzani, yaani kizuizi kwa umeme kinachopimwa kwa ohm, wa takriban ohm 0.07. Mbele ya spika ya ohm 8 hiyo haifiki hata asilimia moja. Waya mwembamba wa 0.5 kwa umbali huohuo unafika ohm 0.34, na ukiufunga kwenye spika ya ohm 4 tofauti inaanza kuwa na maana. Kwa hiyo ninapouliza waya, swali langu la kwanza ni unene, la pili ni urefu.

La tatu ni shaba yenyewe. Zipo nyaya nyingi nene, nyekundu na za kuvutia, kumbe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Nyingine zimeandikwa CCA, kifupi cha jina hilo kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa ncha ya kisu. Ukiona weupe, hiyo ni alumini, ambayo hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, na huvunjika upesi ukiikunja mara kwa mara kwenye skrubu. Hapo unene ulioandikwa haukusaidii kama ulivyodhani.

Dhahabu kwenye vichwa si uongo, ila kazi yake ni moja: haishiki kutu. Kwa kupitisha umeme shaba inaishinda. Shaba “isiyo na oksijeni” nayo inaizidi shaba ya kawaida ya umeme kwa kama asilimia moja, ambayo unaipata kwa kupunguza urefu wa waya kidogo tu. Mishale kwenye waya wa spika ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu umeme wa sauti huenda na kurudi. Noti ya hezi 440 inafanya hivyo mara 440 kila sekunde. Upande gani sasa?

Pesa yangu naiweka kwenye nyaya zinazobeba sauti kabla haijakuzwa. Hapa ubovu unausikia bila kutafuta: mngurumo, mikwaruzo, sauti inayokatika ukigusa kichwa. Ninachokagua ni wavu wa shaba unaozunguka waya wa ndani, kama umesukwa ukafunika vizuri. Kisha nafungua kichwa. Kuna kebo moja ya RCA, ile ya pini moja katikati ya pete, niliyoifungua nikakuta wavu mzima umeshikizwa kwa nyuzi mbili na tone la risasi, ilhali nje inang'aa. Kwa maiki nachukua XLR, kebo ya kichwa cha pini tatu, kila inapowezekana: nyaya mbili zinabeba sauti ileile kwa mielekeo inayopingana, na kelele iliyoziingia zote mbili kwa pamoja inafutika mwisho wa safari. Ndiyo maana inavumilia umbali mrefu ambao RCA haiuwezi. Wapiga gitaa nao waangalie urefu, kwani kebo ndefu inameza sauti za juu.

HDMI, kebo ya kupeleka picha na sauti kwenye TV, ina mambo yake. Ikiwa mbovu, picha inakatika, vidoti vyeupe vinatokea au sauti inapotea. Haifanyi besi iwe nyepesi. Natafuta inayofikia kasi ambayo vifaa vyangu vinahitaji, kwa urefu unaonitosha, basi.