GCC na chaguo la -O: nilivyotulia kwenye -O2

Kwa miezi kadhaa niliamini kompyuta mpakato yangu imezeeka. Programu yangu ya C, inayosoma vipimo vya mvua vya miaka mingi na kupiga wastani, ilikuwa inanipa nafasi ya kwenda kubandika chai na kurudi. Kumbe naikompaili hivi hivi, bila kutaja -O yoyote, chaguo la kusema programu iboreshwe kiasi gani. Na GCC, kompaila inayogeuza msimbo wa C kuwa programu, usipoiambia kitu inachukua -O0: haihangaiki kuboresha karibu chochote. Nikaweka -O2. Maji ya chai hayajaanza hata kutoa mvuke, jibu liko kwenye skrini.

Tamaa ikanipanda. Nikajaribu -O3, faili likanenepa, kasi sikuiona. Nikarukia -Ofast, na hapo ndipo nilipojikata kwa kisu changu mwenyewe. Siku ambazo kipimo hakikusomwa nilikuwa nimezijaza NaN (alama ya "si namba"), na msimbo unaziruka kwa isnan(). Sasa -Ofast inawasha -ffast-math, ambayo ni sawa na kuiapia kompaila kwamba NaN haitatokea kamwe. Ikaniamini, ikaufuta ukaguzi wangu. Wastani wa mwezi mzima ukatoka nan, na jioni yote ikaisha nikiwinda kosa kwenye faili la data. Mwongozo umeyasema haya. Mimi ndiye sikusoma.

Kero ya -O2 utaikuta ukifungua gdb, zana ya kuwinda makosa ndani ya programu. Vigeu vingine unaambiwa vimeondolewa, na ukitembea mstari kwa mstari, mshale unarukaruka kama panzi. Kwa kazi hiyo -Og, iliyokuja na GCC 4.8 mwaka 2013, inanitosha.

Je, ni sawa -O0 kuwa chaguo-msingi? Kwa mtu aliyekaa na gdb, sawa: inakompaili upesi na kila mstari uko ulipouandika. Lakini anayeanza atapima programu yake, aione nzito, alaumu C au mashine kama nilivyofanya mimi. Autotools, zana za kuandaa ujenzi wa programu, usipoipa maelekezo huweka -g -O2 yenyewe (-g huongeza taarifa za gdb), na Debian, mfumo wa Linux, nayo hujenga vifurushi vyake hivyo hivyo. Nimewaiga; Makefile zangu zote, yaani mafaili ya maagizo ya kukompaili, sasa zinaanza na hizo mbili.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano ningeitoa kama GCC ingenitupia hata neno moja la onyo jioni ile ya -Ofast.