Gereji ya Mwananyamala iliyogundua chanzo cha harufu ya kuungua

Kwa wiki tatu gari langu, Toyota IST, lilikuwa likitoa harufu ya kuungua kila niliposimama kwenye foleni, na gereji ya kwanza nilikolipeleka ilibadilisha breki pedi za mbele bila hata kufungua boneti. Harufu ilibaki vilevile. Ndipo jirani akanielekeza kwa fundi mwenye gereji ndogo Mwananyamala, Dar es Salaam.

Fundi huyu alianza kwa maswali kabla ya kushika spana. Harufu inafanana na plastiki, na mpira, au na mafuta yaliyomwagikia jiko la moto? Huja gari likiwa kwenye mwendo au likisimama? Nikifunga hewa ya nje, hupungua? Nilipojibu kuwa ni ya mafuta, huja gari likisimama, na hupungua nikifunga hewa, alisema, "Basi dada, breki tuziache, kuna oili inadondokea ekzosi." Alinieleza kwamba gari likitembea upepo huupeperusha moshi, lakini likisimama moshi hupanda na kuvutwa ndani kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele.

Katika injini ya 1NZ, aina iliyomo kwenye gari langu, ekzosi iko upande wa nyuma, kwa hiyo anayechungulia kwa mbele tu haoni kitu. Yeye aliingiza tochi na kioo kidogo cha mkononi nyuma ya injini, nami nikauona mstari mweusi unaong'aa, ukishuka kutoka kwenye tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, hadi kwenye bati la kukinga joto. Gasketi aliyoitoa, yaani mpira unaoziba oili chini ya kava hilo, ilikuwa imekauka kiasi cha kukatika vidoleni kama biskuti. Nilipouliza kama gundi ya silikoni peke yake isingetosha, alikataa kabisa, kwa kuwa vipande vyake vikidondoka ndani vinaweza kuziba chujio la pampu ya oili. Hapo ndipo nilipomwamini.

Nililipa shilingi 55,000 pamoja na gasketi. Risiti ilibidi niidai, na mteja anayesubiri hana pa kukaa ila benchi lililo juani, mambo ambayo ningependa sana ayarekebishe. Hata hivyo, alinitahadharisha mapema kwamba harufu ingeendelea kwa siku 2 hivi, mpaka oili iliyokwisha kuganda kwenye ekzosi iungue yote. Siku ya 4 nilikaa kwenye foleni ya makutano ya Morocco, hapa hapa Dar, karibu nusu saa, hewa ya nje ikiwa wazi, na sikusikia harufu yoyote.