Mteremko haukuporomoka, na bado nina hasira

Nimesubiri siku kadhaa hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Nilimlipa kiongozi wa safari ya skii mlimani kwa sababu moja tu: dhoruba ilikuwa imepita usiku, nami sina ujuzi wa kutosha kuamua mteremko upi unapitika. Kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, najua. Nilichonunua ni macho yake. Taarifa ya asubuhi ilisema hatari ya maporomoko ya theluji ni daraja la 3 kati ya 5. Wengi hulisoma kama "wastani tu", kumbe vifo vingi hutokea kwenye daraja hilo, maana watu bado wanatoka.

Haya. Tumepanda kama saa moja, theluji mpya inafika magotini, mara nikasikia mlio mzito chini ya skii: wuumu! Kama gunia limeangushwa ghorofa ya chini. Theluji ikatitia kidogo, nikaihisi kwenye nyayo, na ufa mwembamba ukakimbia mbele yangu hatua kama nne. Hiyo ni sauti ya tabaka dhaifu likivunjika huko chini. Kilichotuokoa ni kwamba pale palikuwa tambarare. Nikamwita kiongozi. Hata hakugeuka: "Dada, theluji huwa inaongea. Kama unaogopa ungebaki chini."

Mbele ya watu wote.

Msaidizi wake lazima nimtendee haki. Kijana mpole, alichimba shimo kupima uimara wa theluji, bila kuambiwa na mtu. Akakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90, akalaza beleshi juu ya ncha moja, akaanza kuligonga: mara 10 kwa nguvu ya kifundo cha mkono, kisha kwa nguvu ya kiwiko. Pigo la 12, nguzo nzima ikakatika toka upande huu hadi ule, ikachomoka kama droo: tabaka dhaifu ndilo hilo. Akachota chembe za pale ilipokatikia, akanimwagia kwenye glavu. Kavu, zinang'aa kama sukari, ukizifinya hazishikani. Kwa ajili ya kijana huyo ningetoa nyota tano, na kwa dakika chache nilikuwa tayari kusamehe yote.

Kiongozi akachungulia shimo, akasema ratiba ni ratiba, akaelekea upande wa nyuma wa kilele, kule ambako upepo ulikuwa umerundika theluji usiku kucha. Nilipima mteremko kwa simu: nyuzi 36. Akashuka. Haukuporomoka. Akasimama chini, akapunga fimbo: "Umeona?"

Nimeona nini? Mteremko usipoporomoka haimaanishi ulikuwa salama. Huenda skii zake hazikupita tu pale ambapo tabaka la juu ni jembamba. Kesho atapita hapohapo na wateja wengine, akiamini mlima umempa ruhusa. Na ukifukiwa, baada ya kama dakika 10 nafasi ya kutolewa hai hushuka kwa kasi, wakati kundi letu lilikuwa na mtu ambaye kifaa chake cha mawimbi, kile cha kumtafuta aliyefukiwa, hakikuwashwa mpaka msaidizi alipogundua njiani. Kiongozi hakukagua hata kimoja tulipoanza!

Mimi nilishuka na kijana kwa njia ndefu, penye mteremko mdogo kati ya miti.

Nilikuwa nimeweka nyota tatu. Nimesoma tena, nimefika pale kwenye "Umeona?", nimeondoa mbili. Ukienda nao, omba uongozwe na yule msaidizi. Ila hata yeye anapangiwa njia na huyohuyo bosi. Basi hapana, usiende.