The Hour: taharuki iko chumba cha habari, si kwa majasusi

Nimemaliza misimu yote miwili ya The Hour, vipindi 12 kwa jumla. Tamthilia hii ya BBC, iliyoandikwa na Abi Morgan, inaanzia London mwaka 1956. Bel Rowley amekabidhiwa kipindi kipya cha habari za televisheni, cheo ambacho wanaume wa pale hawajazoea kukiona kwa mwanamke. Freddie Lyon, rafiki yake, ni mwandishi asiyejua kunyamaza. Hector Madden ndiye mtangazaji, sura nzuri ambayo bado haijajifunza kazi.

Kisha Nasser, rais wa Misri, anataifisha Mfereji wa Suez, na hapo tamthilia inapata roho. Enzi hizo Uingereza ilikuwa na kanuni ya siku 14: jambo litakalojadiliwa bungeni ndani ya wiki mbili lilikuwa mwiko kuzungumzwa hewani. Kuwaona waandishi wakiitafutia upenyo kanuni hiyo, huku mtu wa Waziri Mkuu Eden akiwasimamia kichwani, kulinikosesha utulivu kuliko maiti yoyote. Kipindi cha mwisho cha msimu wa kwanza, wakiwa hewani moja kwa moja, nilikitazama nimesimama.

Njama ya ujasusi na mauaji inayokwenda sambamba na habari hizo ndiyo dhaifu. Kuna ujumbe wa siri ndani ya chemshabongo za gazeti, kuna watu wa kofia wanaofuatana vichochoroni, na majibu yanadondoshwa tone kwa tone hadi katikati ya msimu nikaanza kusahau nani alikufa kwa sababu gani. Lililoniuma zaidi ni Misri. Mgogoro ni wao, mabomu yanawaangukia wao, lakini Wamisri wenyewe hawapewi nafasi ya kusema chochote cha maana. Kwa hadithi inayopigania haki ya watu kusikika, pengo hilo ni kubwa.

Uigizaji sina neno. Ben Whishaw, Romola Garai na Dominic West wanaaminika kabisa, ila aliyenishika ni Anna Chancellor kama Lix Storm, mwandishi aliyeripoti vita vya Hispania. Msimu wa pili anaingia Peter Capaldi, na ukimya kati ya wawili hao unabeba mengi kuliko siri zote za serikali.

Msimu wa tatu haukuja. BBC iliisitisha mwaka 2013, hatima ya mhusika niliyempenda kuliko wote ikiwa imeachwa hewani, na uchungu wake haujaniisha.