Mfumo Upi wa Mauzo Unafaa Duka Lako? Anza kwa Kuchomoa Waya

Anayeuza mfumo atakuonyesha chati za rangi na skrini pana. Mwombe jambo moja tu: aingize mauzo, abonyeze kitufe cha malipo, halafu chomoa waya ukutani kabla risiti haijatoka. Washa tena, kagua stoku na fedha. Ama mauzo yameingia yote, mzigo umepungua na pesa imeandikwa, ama hakuna kilichoingia kabisa. Nusunusu usiikubali. Benki hufuata kanuni hiyohiyo: ATM ikishindwa kutoa noti, kiasi kilichokatwa kinapaswa kurudi kwenye akaunti.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, na somo hili nililipia. Programu yangu ya kwanza ilipunguza mifuko kumi ya saruji kwenye stoku, umeme ukakatika, fedha haikuandikwa popote. Jioni nilimshuku kijana wangu wa dukani, naye alikuwa mkweli. Nilimwomba radhi, lakini jambo lile bado linaniuma.

Kabla ya kuipanga mifumo kuanzia bora zaidi, tuweke pembeni EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, kwa sababu ukishafikia masharti ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) hiyo si hiari. Tanzania ilianza nayo mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa VAT, ikapanuliwa baadaye. Inunue kwa msambazaji aliyeidhinishwa na TRA, na usisahau kutoa ripoti ya Z, yaani muhtasari wa mauzo ya siku, kila siku. Ila kazi yake kubwa ni kodi. Mashine ndogo ya kawaida haitakuambia misumari ya inchi nne imebaki kilo ngapi, kwa hiyo bado unahitaji kitu kingine kando yake.

Namba 1: simu au kishikwambi chenye programu ya mauzo inayofanya kazi bila intaneti. Kwa maduka mengi ya mtaani sioni kinachoishinda. Kina betri yake, hivyo umeme ukikatika katikati ya mauzo, mteja hata hajui. Loyverse ni mfano mzuri wa kuanzia: huduma ya msingi ni bure, na mauzo huendelea hata bando likiisha. Hatari yake ni moja. Mauzo yaliyofanyika bila mtandao hukaa ndani ya kifaa mpaka kiunganishwe. Simu ikiibwa kabla ya hapo, yamekwenda nayo. Unganisha kila jioni kabla ya kufunga duka. Mpe pia kila muuzaji namba yake ya siri, na haki ya kufuta mauzo ibaki kwako. Mfumo mzuri hata hivyo haufuti: unaandika kwamba mauzo yalirudishwa, saa ngapi, na nani.

Namba 2: kompyuta yenye programu yake, printa na skana. Hii ndiyo ya duka la dawa, ambako tarehe ya kuisha muda lazima ionekane kabla kopo halijamfikia mgonjwa, na ya duka la jumla lenye bidhaa maelfu. Ningeipa nafasi ya kwanza kama umeme wetu ungekuwa wa uhakika. Ukiinunua, bajeti ya UPS (betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika) iwe ndani ya bei, si ya baadaye. Uliza nani atakuja ikikwama, na nakala ya kumbukumbu inahifadhiwa wapi; ikiwa ni kwenye kompyuta hiyohiyo, hiyo si nakala. Jihadhari na programu zilizoachwa na waliozitengeneza. QuickBooks Desktop Point of Sale, kwa mfano, ilisitishwa na Intuit, kampuni iliyoimiliki, Oktoba 2023. Ukiletewa leo kwenye flashi kwa bei ya kutupa, kataa.

Namba 3: mfumo unaoishi kwenye mtandao pekee. Unafaa mwenye matawi mawili au matatu anayetaka kuona yote kutoka nyumbani. Mtandao ukipotea, foleni inasimama. Nunua tu kama una laini mbili za mitandao tofauti.

Namba 4: Lipa Namba, yaani namba ya duka ya kupokea malipo kwa simu, na meseji zake. Kupokea malipo kwa njia hii ni lazima siku hizi, na nashauri kila duka liwe nayo. Kuigeuza kuwa kumbukumbu ya duka ndiko ninakokupinga. Meseji inasema shilingi 46,000 zimeingia. Haisemi ni za rangi au mabomba. Tena kuna wanaoonyesha meseji ya kughushi kwenye simu yao na kuondoka na mzigo. Usisome simu ya mteja kamwe. Subiri ujumbe kwenye simu ya duka, na kama mzigo ni mkubwa, angalia salio. Kisha ingiza mauzo kwenye mfumo wako kama malipo ya simu, si taslimu, ili jioni droo na salio vilingane kila kimoja na hesabu yake.

Namba 5: daftari. Halizimiki, lakini halikuzuii kuuza mfuko uliokwisha, na ukurasa ukichanwa hakuna anayejua. Mimi ninalo moja chini ya kaunta kwa siku kishikwambi kitakapoanguka. Kila mstari una saa, bidhaa, idadi, bei na jinsi ilivyolipwa, tayari kuingizwa kifaa kikipona.